Trekta la Ishirini na Nne

Fintan Mulvany alikuwa na matrekta ishirini na matatu, na hakuna hata moja lililoweza kulima tuta la vitunguu. Yalikaa kwenye rafu za sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka meza ya kulia na picha za wajukuu. Fintan hakuwa na wajukuu wala mke, na chakula chake alikula jikoni akiwa amesimama. Kubwa kuliko yote halikuzidi shubiri moja.

Lakini msiyadharau. Hayakuwa ya plastiki ya dukani. Aliyaunda kwa mkono Wessel, fundi wa Kiholanzi aliyekuja Corraghmoy, kaunti ya Cavan, kutengeneza mashine za kiwanda cha maziwa kwa wiki sita. Akamwona Attracta kwenye dansi ya parokia, na zile wiki sita zikawa miaka arobaini. Kila trekta la Wessel lilikuwa trekta la mtu fulani. Fordson la bluu la akina Brady lilivalishwa kopo la maharage juu ya bomba la moshi ili mvua isiingie; basi na Wessel naye akaunda kopo, dogo kama punje ya mahindi. Zetor la Packie Lunny lilifungwa boneti kwa kamba ya kufungia nyasi kavu. Wessel akaisokota kamba ile kwa uzi, na fundo akalipiga vibaya vilevile kama Packie. Magurudumu aliyachonga kwa mipira chakavu ya mashine za kukamulia, viti akavigonga kutoka kwenye vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu.

Akishalimaliza, alimpa mwenye trekta lenyewe. Na mwenyewe akishakufa, Fintan alikuwa wa kwanza kufika msibani na keki, na wa mwisho kuondoka. Alihuzunika kweli, hilo sikatai, ila jicho moja lilikuwa kwenye rafu ya marehemu. Hakuomba hata siku moja. Alilisifu tu lile trekta. Wafiwa wakimwambia lichukue, alikataa. Wakimwambia tena, alikataa tena, mikono ameiinua kabisa kama mtu aliyeonyeshwa bunduki. Wakisema mara ya tatu, alishusha pumzi na kusema, “Haya, kwa vile mmenishinda,” kisha akatoka nalo chini ya koti huku moyo unamdunda kwa furaha.

Ndivyo walivyolelewa wote huko. Mtu mwenye adabu hapokei chai kabla ya kuikataa mara mbili, na mwenyeji mwenye adabu haachi kuuliza kabla ya mara ya tatu. Mtoto anayesema “ndiyo” papo hapo hupigwa jicho na mama yake mpaka wafike nyumbani. Mama yake Fintan alikuwa na jicho hilo, na Fintan, sasa na miaka yake sitini na tisa, alikuwa bado analiona.

Trekta la ishirini na nne lilikuwa dirishani kwa Attracta. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza kuundwa: Ferguson la kijivu la Wessel mwenyewe, taa moja imeangalia mbinguni. Wessel alikuwa amefariki miaka saba iliyopita, na kwa miaka hiyo saba Fintan alikwenda kwa mjane wa rafiki yake kila Jumapili baada ya misa, akaketi kwenye kiti kinachotazamana na dirisha. Bila lile moja, parokia yake ya kwenye rafu ilikuwa na kila nyumba isipokuwa nyumba ya fundi. Lilimuuma. Alipokuwa akipangusa vumbi aliacha nafasi yake wazi, kati ya Brady na Lunny.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, Attracta akaweka birika mezani, akasema bila hata kumtazama, “Fintan, hivi mbona hulichukui lile trekta ukaenda nalo?”

Fintan alikaribia kuangusha kikombe. Lakini ulimi wake ulikuwa umeshatangulia.

“Aa, shemeji, hapana. Siwezi.”

“Lichukue bwana. Linanikusanyia vumbi tu pale.”

“Hapana, hapana. Kumbukumbu ya marehemu ile! Mimi ni nani?”

Akasubiri. Alishaweka kikombe chini na kufuta viganja kwenye suruali. Alishaandaa na ile pumzi ya kushusha. Attracta akamtazama sana, macho yakimcheka, kisha akainuka kwenda kuangalia mkate kwenye jiko. Aliporudi kuketi alizungumzia mvua. Halafu akazungumzia goti lake. Halafu padri mpya na sauti yake ya puani. Ilipofika saa kumi Fintan alikuwa bado amekalia ukingo wa kiti, na swali la tatu halikuja.

“Basi mimi naenda,” akasema mlangoni, akaenda polepole sana, hatua moja kila dakika.

“Haya, nenda salama,” akasema Attracta, akafunga.

Jumatatu Fintan alirudi na trei ya mayai. Attracta ana kuku kumi na wanane. Akayapokea mayai kwa shukrani, akamuuliza kuhusu chai mara tatu, kuhusu nyama ya nguruwe mara tatu, kuhusu sweta kuukuu la Wessel mara tatu. Akamuuliza mara tatu kama angependa paka. Fintan alitoka na sweta na paka.

Jumanne alileta kitambaa laini, akalifuta lile Ferguson pale dirishani gurudumu moja moja.

“Kazi ya mkono hii, shemeji! Tazama huo usukani. Waya mtupu wa shaba! Hakuna mtu duniani anayeweza tena.”

“Kweli kabisa,” akasema Attracta. “Unavyolisifu hivyo, nikiligawa nitajuta.”

Fintan akarudia kulifuta gurudumu lilelile.

“Na kusema kweli,” akaendelea yule mama, akimenya viazi kwa utulivu wa mtu asiye na dhambi, “Alhamisi anakuja Jurre. Mtoto wa mdogo wake Wessel, kutoka Uholanzi. Naye anakusanya vitrekta. Ana kabati zima, nasikia, lenye taa ndani.”

“Jurre,” akasema Fintan. Jina lilikuwa chungu mdomoni.

“Na unawajua wale. Ukimuuliza mara moja, anakujibu mara moja.”

Fintan aliwajua, sana tu. Wessel mwenyewe miaka arobaini hakujifunza. Mgeni akiingia, Wessel anauliza, “Chai?” Mgeni anasema, “Aa, hapana, usisumbuke.” Wessel anatikisa kichwa kwa heshima, anarudisha birika kabatini. Nusu ya parokia ilikuwa imeketi katika jiko lile na koo kavu, mpaka Attracta arudi kutoka bandani kuwaokoa.

Alhamisi Fintan alifika kabla ya mgeni, amevaa koti la misa. Jurre alikuwa kijana mrefu mwenye uso wa kupendeza, na hilo lilimuudhi Fintan zaidi. Aliinama chini ya mlango, akambusu mama yake mkubwa mara tatu, akaulizwa chai.

“Ndiyo, asante,” akasema Jurre.

Hivi hivi! Fintan akageuza uso kwa aibu, kama vile kijana amevua suruali.

Wakanywa. Attracta akaleta sanduku la Wessel la mbao, lenye jiliwa yake ndogo ya kubania vyuma na tupa zake, akalisukuma mezani. “Zana za baba yako mkubwa. Unazitaka?” Ndiyo, alizitaka. Machozi yalimlenga kijana wa watu. Kisha Attracta akanyoosha kidole dirishani, na ninaapa hakumtazama Jurre aliposema, alimtazama Fintan.

“Na lile trekta je? Unalitaka?”

“Nalitaka sana,” akasema Jurre.

“Hapana!” Sauti ilimtoka Fintan kabla hajajua ni yake. “Yaani... samahani. Mimi nilikuwa... hilo trekta mimi...” Uso wote ulimwiva.

Jurre alikuwa muungwana. Akaelewa upesi, akalitoa lile Ferguson dirishani kwa mikono miwili, akamwekea Fintan mbele yake. “Bwana Mulvany, wewe ulikuwa rafiki yake. Mimi nina zana zake. Chukua wewe.”

Taa ya trekta ikaangalia mbinguni. Miaka saba, na sasa lilikuwa inchi nne kutoka tumboni mwake.

“Aa, hapana, kijana wangu,” akasema Fintan Mulvany. “Siwezi kukunyang’anya.”

Alijisikia akilisema. Alitaka kulikamata neno kwa meno, likawa limeshatoka.

“Sawa,” akasema Jurre. Akalifunga trekta ndani ya soksi zake mbili za sufu, akaliweka juu ya tupa, akafunga sanduku. Akambusu mama yake mkubwa mara tatu tena, akampa Fintan mkono, akaondoka. Gari likasikika likishuka njia.

Attracta akaweka kiganja mezani.

“Fintan Mulvany,” akasema, “nimeona punda wa aina nyingi.”

“Angeuliza mara moja tu zaidi!”

“Hatauliza! Hajui! Gari lile linakwenda bandarini, na wewe umekaa hapo unamsubiri mama yako akukonyeze. Mama yako yuko kaburini tangu enzi za redio za mbao!”

Fintan akainuka. Kiti kikaanguka nyuma. Akatoka mbio, kwa magoti yale, na koti la misa, kwenye ile mvua nyembamba isiyoonekana ila inayolowesha mpaka mifupa. Asingelifikia gari kamwe, lakini ilikuwa saa ya kukamua, na ng’ombe wa Sorley Brady walikuwa wanavuka barabara kwa mwendo wao wa kutojali mtu. Gari la Jurre lilikuwa limesimama katikati ya makalio sitini ya ng’ombe. Fintan akapenya, akaligonga dirisha kwa ngumi.

Kioo kikashuka.

“Nalitaka!” akasema Fintan, pumzi hana.

“Lakini ulisema hapana.”

“Nilisema!”

“Mara moja, na waziwazi kabisa.”

“Ndiyo, mara moja! Hapana ya kwanza si hapana! Hata ya pili! Ni... ni kama kupiga hodi tu!”

Jurre alifikiria jambo hilo. Ng’ombe mmoja aliingiza pua kwenye gari. “Una uhakika sasa?” akauliza.

“Aa, kama itakusum—” Fintan akauuma ulimi, na si kwa mfano, aliuuma kweli, damu ikatoka. “Ndiyo! Nina uhakika! Nalitaka, nimelitaka miaka saba, nimelitaka kuliko kitu chochote katika parokia hii! Nipe!”

Sorley Brady, aliyekuwa ameinua fimbo nyuma ya ng’ombe wake, hakuwahi kusikia mtu mzima akisema maneno hayo hadharani. Akavua kofia. Baada ya chakula cha jioni kaunti nzima ilikuwa imeshapata habari.

Fintan alipopanda njia akirudi, Ferguson amelipakata ndani ya soksi za Kiholanzi, Attracta alikuwa ameegemea nguzo ya lango, anacheka mpaka amejishika mbavu. Alipomwona jinsi alivyolishika, kicheko kikapungua.

“Mbona hukuniuliza mara ya tatu?” akasema Fintan. “Ungeniuliza, nisingeaibika hivi.”

“Kwa sababu nilitaka nikusikie ukisema mwenyewe, hata kwa mara moja. Unakumbuka Wessel alipolimaliza hili? Alilileta mezani, wewe umekaa palepale unapokaa siku zote. Akakuuliza kama unalitaka.”

Fintan alikumbuka. Alikumbuka hata harufu ya rangi mbichi.

“Nilisema hapana.”

“Ulisema hapana, naye akakuamini. Ulipotoka akaniambia, Fintan hajalipenda, magurudumu hayako sawa. Akaanza la akina Brady. Likakaa dirishani wiki nzima, ukaja, ukalisifu, ukanywa chai, ukaenda. Akampa Brady. Akaanza la Lunny.”

“Attracta.”

“Yote, Fintan. Kila moja lilikaa hapo dirishani likikusubiri ufungue mdomo. Mimi nilimwambia, mwulize tena, huyu ndivyo alivyo. Akasema mtu mzima anajua anachotaka. Ungesema ndiyo siku ile, wewe ungekuwa na trekta moja tu, na mimi ningekuwa na mume wa kuzungumza naye. Miaka ishirini nilikula uji wenye vumbi la shaba kwa ajili ya adabu zako.”

Fintan akaketi juu ya ukuta wa mawe, kwenye majimaji, trekta magotini. Aliyaona yote ishirini na matatu, na kila msiba aliokwenda na keki, miaka yote ile akiokota kwa wafu kitu ambacho angepewa bure na mtu aliye hai.

“Niliyataka yote,” akasema. “Kila moja.”

Attracta akamfuta mvua usoni kwa pindo la aproni, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto.

“Mimi nilijua,” akasema. “Aliyehitaji kuambiwa ni Wessel.”