Neno Lete Nyuma ya Mashine

Mashine ya kuosha vyombo ilifika Machakos ndani ya lori la mbuzi lililokuwa likirudi tupu kutoka Nairobi. Ilikuwa zawadi kwa Farhia kutoka kwa dada yake aliyeishi Dubai, ndogo, ya kukaa juu ya meza. Dada huyo hakujua kwamba jiko la Farhia halikuwa na bomba hata moja. Maji ya mji yalikuja yalipotaka, na yakija yalijazwa kwenye dramu uani.

Nzembi, msichana wa kazi, aliitazama mashine kama mke mkubwa anavyomtazama mke mdogo. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa nyingine. Alipokuja kutoka Kathiani kuomba kazi, alisema amemaliza darasa la saba. Ukweli ni kwamba aliacha la tatu mama yake alipougua, na kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha: akishaona herufi mbili tatu anazozijua, nyingine anazijazia mwenyewe. Jambo hilo alilificha kama mtu anavyoficha kidonda.

Abdiwahid, shemeji yake Farhia, mchuuzi wa mbuzi, alijitolea kuwa fundi. Alipandisha dramu juu ya paa la zege la choo, akaunga mpira chini yake na kuupitisha dirishani. Mpira wa pili ungetoa maji machafu hadi mtaroni. Nyuma ya mashine kulikuwa na midomo miwili inayofanana, lakini mkono wake mnene haukupenya kati ya mashine na ukuta. Wa Nzembi ulipenya.

"Mpira wa dramu unaingia kwa inlet," Abdiwahid alisema akiwa dirishani. "Wewe si umesoma? Angalia penye imeandikwa."

Nzembi akainama. Mwishoni mwa neno la kwanza aliona L, E, T, na moyo wake ukatulia. Lete. Basi huu ndio mdomo wa kuleta maji. Akaukaza mpira wa dramu hapo, na ule mwingine akauweka kwenye mdomo uliobaki bila hata kutazama. Kwa mara ya kwanza tangu aje mjini alijiona mtu aliyesoma.

Alasiri jirani yao Qaali alikuja na wenzake kuiona mashine. Vikombe vikapangwa, Abdiwahid akafungua koki. Mashine ikakoroma, kisha maji yakachomoza mlangoni mwake, yakafurika mezani na kuteremka hadi miguuni mwa wageni. Koki ilipofungwa, maji ya kupikia ya wiki nzima yalikuwa sakafuni.

"Farhia, hii inaosha vyombo ama inaosha wageni?" Qaali aliuliza, na wenzake wakacheka.

Farhia hakucheka. Aliivuta mashine, akatazama nyuma, akamwita Nzembi na kuweka kidole kwenye maandishi.

"Soma hapa."

"Lete."

Kidole kikahamia kwenye mdomo wa pili. "Na hapa?"

Nzembi akatazama. Neno hili nalo liliishia kwa L, E, T, kama inlet na outlet zote zinavyoishia.

"Lete," akasema tena.

Kicheko kikakatika. Farhia akamwuliza polepole alifika darasa la ngapi. Akajibu la tatu, akasubiri kuambiwa afunge virago vyake. Hakuambiwa.

Abdiwahid aliibadilisha mipira, kisha akaleta kopo la rangi nyekundu ya kuwekea mbuzi alama. Akapaka mdomo wa maji safi na ncha ya mpira wake, vile anavyowapaka mbuzi wake wasichanganyike na wa watu wengine. Nzembi aliona kama amepakwa yeye.

Siku nyingine alikuja Fardowsa, binamu yao, akataka kujua rangi ya mbuzi inafanya nini jikoni. Nzembi alikuwa akipangusa vikombe. Akainamisha kichwa.

"Ni mimi," Farhia alisema. "Mimi husahau mpira gani ni gani."

Fardowsa akamtania kwamba uzee umembishia hodi mapema, na Farhia akakubali kuchekwa. Nzembi alikipangusa kikombe kilichokwisha kukauka. Sasa aibu ile ilibebwa na watu wawili, na bado mzigo wake haukupungua hata kidogo.