Kreti la Kukalia

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushusha bia kwenye baa akaondoka bila kukaa. Sisemi kukaa kitini. Nasema kupinduliwa kreti tupu, ukalikalia, ukapewa maji, ukaulizwa habari na wewe ukauliza za wenzako. Bia yenyewe hatuigusi tukiwa kazini, na hilo nalo limeanza kwa babu.

Babu alikuwa na mkokoteni. Alikuwa akichukua makreti stesheni na kuyasukuma mtaa kwa mtaa, na baa ya kwanza kumpa kazi ilikuwa ile ya mlimani, mwisho kabisa wa barabara. Siku ya kwanza alifika hana pumzi, jasho limemshuka hadi visiginoni. Mama mwenye baa akamtazama, akapindua kreti, akamwambia, "Kaa hapa kabla hujanifia mlangoni. Watu watasema bia yangu inaua."

Babu akakaa. Na alipokuwa anatafuta pumzi zake akasikia mengi: nyumba ya pili ina msiba, kwa hiyo wiki hiyo mauzo yatalala, paa la stoo linavuja, fundi aliyeahidi kuja hajaonekana. Wiki iliyofuata akaja na kipande cha bati juu ya makreti. Tangu hapo kukaa kukawa ndiyo kazi yenyewe, kushusha bia kukawa kama kisingizio.

Baba alipochukua biashara alinunua pikapu kuukuu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Mlima ukawa ni shida ya injini, si yake tena, lakini alikaa vilevile. Na baba hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akikaa anatazama viatu vyake, anakunywa maji, anaguna mara moja mbili, kisha anaaga. Wenye baa wote watakuambia kwamba walizungumza sana na baba.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa sababu baba alihitaji mtu wa kufunga turubai na walimu wenyewe hawakusikitika. Nikaja nikaendesha lori. Na ni kwenye kukaa huko ndiko nilikompata mke wangu. Alikuwa mjukuu wa yule mama wa mlimani, kazi yake kuosha glasi. Siku ya kwanza aliniwekea kreti juani, jua la mchana lile la kuchoma utosi, halafu akaingia ndani bila hata kugeuka. Nikajua ananifukuza kwa adabu. Nikakaa. Wiki ya pili, juani tena. Ya tatu, juani. Mpakiaji wangu akawa ananicheka, ananiambia nitaiva kabla sijaposa. Halafu siku moja nikakuta kreti limehamishiwa kivulini, kando ya ukuta, na yeye ametoka na karai lake, amekalia kreti la pili, anaoshea nje. Siku hiyo nikajua nimekubaliwa.

Tulikaa vizuri, mimi na yeye. Kisha akaugua. Mashine ya hospitali ilikuwa mbovu na kila aliyevaa tai pale alijua ni mbovu. Barabara ya kwenda hospitali ya pili walikuwa wameichimba wakaiacha, maana wakubwa wanapenda kukata utepe, kufukia mashimo hawapendi. Watu walipokuja kunipa pole wakisema ni mapenzi ya Mungu, niliwaambia Mungu hakuichimba ile barabara. Wengine walinuna. Waache wanune.

Baada ya hapo nilimpa binti yangu funguo za lori. Ndiye mtoto wetu pekee, na anaendesha kuliko mimi. Mimi nikahamia kiti cha pembeni. Kwenye baa zote nilishuka na kukaa kama zamani, isipokuwa ya mlimani. Pale nilibaki ndani ya lori na kioo nimekipandisha. Baa siku hizi ni ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu, naye alikuwa akiniletea maji dirishani bila kuniuliza kitu.

Sasa, kiwanda cha bia kikaletewa mkubwa mpya. Sijui alitoka wapi, wakubwa hawana kwao. Akaamua kwamba wasambazaji wadogo wanachelewa, magari yanasimama mno. Kila msambazaji akaguliwe siku moja. Akirudi ghalani baada ya saa kumi, eneo lake lichukuliwe na kampuni moja yenye malori mengi, yale yenye viyoyozi. Babu alilipata eneo lile kwa mabega yake, na mtu asiyejua hata mlima uko upande gani atalitoa kwa kutikisa kalamu.

Jioni kabla ya siku yetu binti yangu alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni anasuka kamba ya turubai iliyofumuka.

"Baba, kesho ungebaki nyumbani ukapumzika."

"Nipumzike nimechoka na nini?"

Akanieleza kuhusu saa kumi, na kwamba tukikaa kila baa kama kawaida hatufiki. Nikasema yangu juu ya kiwanda, na juu ya mkubwa, na juu ya mama aliyemzaa huyo mkubwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema niende basi, ila nisigombane na mtu.

Asubuhi mkaguzi akafika ghalani na ile simu yake pana kama sinia. Mpakiaji wetu, ambaye sisi humwita Kifua, akambatiza Simu Pana kabla hata hajapanda. Akaketi katikati yetu, magoti yamefika kidevuni kwa sababu ya gia. Akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, maana shikamoo yenyewe haina kosa.

Baa ya kwanza ni ya bwana mmoja tunayemwita Chumvi. Huyo ni mtani wangu tangu ujana, hunikaribisha kwa kusema makalio yangu yamemmalizia makreti. Siku hiyo tulimkuta nje, chupa tupu amekwisha kuzipanga barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Kifua akashusha zilizojaa, akapandisha tupu. Mimi nimesimama natafuta kreti langu kwa macho.

"Mzee wangu, leo nina haraka kidogo," Chumvi akasema. Hakunitazama usoni.

Nikarudi garini. Baa ya kona tukampata Mama Pacha, ambaye wale pacha wake niliwajua wakiwa mgongoni. Huyo aliusukuma mlango ukafungwa kreti la mwisho lilipovuka tu. Na iliyofuata hivyohivyo. Na iliyofuata. Kila mahali tupu zimepangwa, risiti imeshikwa mkononi tayari, asante, kwaherini. Sikuona kreti hata moja lililopinduliwa. Yote yamesimama wima kama askari wanaongojea mgeni rasmi. Mzee mmoja wa baa ya sokoni, ambaye nilikaa naye siku aliyomzika mwanawe hadi kiza kikatukuta, alinipungia mkono kutoka ndani tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Niseme kweli, iliniuma. Nilifikiri, basi, wamefikiwa. Kiwanda kimepita kwanza kimewaambia sisi tunaondoka, nao wamekwisha kutuzika. Vizazi vitatu vya kukaa, na leo hata glasi ya maji hakuna. Nikamwambia binti yangu juu ya kichwa cha Simu Pana kwamba watu wamenunuliwa. Alikuwa ameibana midomo, anatazama barabara, nami nikadhani anazuia kilio.

Simu Pana yeye alifurahi. Anagusa kioo chake, anatabasamu, anagusa tena. Akaniambia tunakwenda vizuri sana. Nikamwambia tunakwenda kama tuliofumaniwa. Akarudi kwenye simu yake.

Ikabaki ya mlimani. Lori likanguruma hadi juu, likasimama palepale linaposimama siku zote. Kifua akaanza kazi. Mimi nikapandisha kioo changu. Mara mlango wa upande wangu ukafunguliwa. Ni binti yangu.

"Shuka, baba."

Nikamwambia niko sawa nilipo.

"Shuka. Wale wote wamekupa muda wao. Chumvi, Mama Pacha, mzee wa sokoni, wote. Niliwapigia simu nikawaomba leo wasikukalishe, ili ukae huku."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningekataa, halafu ningemgombeza mkaguzi kwa kunifanya nikatae. Ni kweli, ningefanya hivyo. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba mimi nataka kukaa huku.

"Hakuna," akasema. "Ila kila wiki unautazama ule ukuta hadi tunakunja kona."

Shemeji akatokea mlangoni na kitambaa begani. "Shemeji, unashuka au nikakuazimie ngazi?"

Nikashuka. Kando ya ukuta, kivulini, kulikuwa na makreti mawili yamepinduliwa, yamefutwa vumbi. Shemeji akasema alitaka kuniwekea juani kama marehemu dada yake, ila umri wangu umemtia huruma. Nikalikalia moja. Binti yangu akakaa kwenye la pili, lile la mama yake, na sikumkataza.

Simu Pana akaja na sinia lake. Akasema bia imekwisha kushuka, tunasubiri nini.

"Mwisho ni saa kumi, siyo?" binti yangu akamuuliza.

"Ndiyo."

"Na sasa hivi?"

Akatazama. "Saa nane na nusu."

"Basi hatusubiri kitu. Tunakaa."

Akabaki amesimama, anatafuta sheria tuliyoivunja asiione. Shemeji akamtolea kiti. Yeye akaonyesha kidole kwenye rundo la makreti, kama kuuliza kwa nini yeye asipate kama sisi. Akaambiwa kreti ni la watu wa nyumbani, mgeni hukalia kiti. Akaketi, mpole kabisa. Shemeji akampa maji pia, na nilimwona anakunywa yote.

Tukazungumza. Shemeji akanipa habari alizokuwa ameziweka muda wote huo: mlango wa stoo umeoza, mtoto wa jirani ameoa, dirisha dogo la jikoni anataka kuliziba kwa sababu mvua inaingia. Nikamwambia asilizibe, nitaleta kioo. Kisha binti yangu akaniomba nimsimulie tena jinsi mama yake alivyonifukuza kwa jua. Nikasimulia. Shemeji akaanza kucheka, akacheka hadi akakishika kile kitambaa machoni.

"Akufukuze nani?" akasema. "Pale juani ndipo ulipoonekana kutoka dirisha la jikoni. Angekuweka kivulini, yeye yuko jikoni na karai lake na wewe umefichwa na ukuta, amwone nani? Alimbembeleza bibi wiki baada ya wiki amruhusu kuoshea nje. Aliporuhusiwa ndiyo akakuhamisha."

Niliishi na mwanamke yule hadi nywele zetu zikaota mvi, na hakuniambia. Aliniacha nimtanie miaka yote kwamba alinichoma kama muhindi, akawa anatabasamu tu. Binti yangu akaweka mkono wake juu ya goti langu na kuuacha hapo. Maji yangu yakawa ya moto mkononi sijayanywa.

Ghalani tulifika kabla ya saa kumi. Eneo wametuachia. Yule mkubwa alimwita binti yangu ofisini akamwambia kasi yetu ni mfano kwa wasambazaji wengine. Alivyonisimulia, hata sikutaka kucheka. Ndiyo hao wanaotuongoza.

Wiki iliyofuata Chumvi alinipindulia kreti kabla lori halijazimwa. Akaniambia makalio yangu yamekosekana, nami nikamwambia yake yanatosha mtaa mzima. Kila mahali tukakaa kama zamani, na tukachelewa kama zamani.

Mlimani nilishuka mwenyewe. Kioo cha dirisha nilikuwa nacho, nimekifunga katika gunia. Nikampa shemeji, kisha nikalichukua kreti kutoka kivulini, nikalipeleka juani, mkabala na jikoni. Shemeji akauliza kama kichwa changu ni kizima.

Nikamwambia aniache nikae kidogo.