Maji Yaliyopanda Mteremko

Kahawa ilishuka kutoka mashineni hadi kikombeni kwa mchirizi mweusi, kwa fujo, ikirusha matone hadi mezani. Dunstan alionja, akakunja uso, akaimwaga kwenye ndoo ya maji machafu.

"Bado chungu," alisema. "Presha imezidi. Geji inasoma kumi na mbili, nataka isome tisa."

Mdogo wake, Yuster, mwalimu wa shule, alikuwa ametoka chumbani kumvua mama yao shuka iliyolowa. Alikuja kuchukua maji ya kumwogesha. Alipofunua ndoo kubwa ya jikoni, alikuta unyevu na sisimizi.

"Kaka, maji yangu yako wapi?"

"Si haya?" Dunstan aligonga tangi dogo la plastiki mgongoni mwa mashine. "Ukigusa skrubu lazima ujaribu upya. Na kabla ya kujaribu, lazima uisafishe. Hiki kitu hakitaki hasira, Mwalimu."

Alitia tena bisibisi ndani ya mashine, akaizungusha kidogo sana, ulimi ukimchungulia mdomoni kama mtoto anayejifunza kuandika.

Mashine aliinunua Dar es Salaam kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago. Yuster hakuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wake ulikuwa na njia ya bondeni. Pampu ya maji ya Newala ilikuwa imekufa, na vijana wa baiskeli waliozoea kuuza maji sasa walibeba magunia ya korosho, kwa kuwa wanunuzi binafsi walilipa vizuri zaidi. Alfajiri ile alishuka mteremko mwenyewe, akangoja zamu yake chemchemini, akapanda na ndoo kichwani. Dunstan aliijua njia ile kabla hajajua kutembea. Aliipanda mgongoni mwa mama huyu huyu, ambaye sasa upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umepooza. Mtu wa Newala anaweza kusahau mengi akienda mjini. Lakini maji?

"Bwana Cuthbert, yule mnunuzi, akija leo akanipa uwakala wa korosho," Dunstan alisema bila kugeuka, "nitamjengea mama tangi kubwa la mvua."

"Kwa hiyo leo aoge mvua ya mwakani?"

Sauti nzito ya mama, inayokokota maneno, ikatoka chumbani. "Mwache, Yuster. Nitangoja mgeni aondoke."

Alikuwa akingoja tangu asubuhi, amejikunja kwenye harufu yake mwenyewe, akichelea kumwaibisha mwanawe. Upole ule ndio uliomchoma Yuster. Angalau mama angelalamika!

Gari likanguruma nje. Bwana Cuthbert akaingia, mnene, mchangamfu, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu.

"Shikamoo," Yuster alisema.

"Marahaba, dada. Nimeambiwa nyumba hii ina kahawa ya Ulaya!"

"Umefika wakati wake, mzee," Dunstan akacheka. "Geji imetulia mahali penyewe. Tazama."

Akabonyeza swichi. Mshale ukapanda polepole, ukasimama kwenye tisa. Kahawa ikaanza kushuka, nyembamba, tulivu, rangi ya asali. Kwa kweli ilikuwa nzuri kutazama, na uzuri huo ukamzidishia Yuster ghadhabu. Alipitisha mkono nyuma ya mashine, akachomoa tangi.

Pampu ya mashine ikakoroma kwa kiu. Mshale ukaanguka hadi sifuri.

"Yuster! Una wazimu?"

Alipita mbele ya mgeni, tangi limekumbatiwa kifuani, akaingia chumbani, akashusha pazia, akamimina maji kwenye karai. Yalifunika kitako cha karai tu.

"Na mgeni?" mama alinong'ona.

"Ana kahawa nusu kikombe. Inamtosha."

Alianza na mgongo. Aliusugua taratibu, kwa kitambaa kilicholowa, mpaka pumzi ya mama ikatulia.

Nyuma ya pazia Dunstan alisimama, sauti ameibana. "Umenivunjia heshima mbele ya mtu aliyeshika riziki yangu. Maliza, utoke, umwombe radhi. Na mimi uniombe."

Yuster alikamua kitambaa. Tone la mwisho lilipoanguka karaini, aliinua sauti ili hata sebuleni wasikie.

"Siombi radhi, kaka. Si kwake, si kwako. Siombi."