Gari Hadi Mlangoni

Kinyozi hajinyoi, na kama msemo huo ulitungwa kwa ajili ya mtu fulani, basi mtu huyo ni Fundi Kokoto. Nusu ya nyumba za mji ule mdogo zilikuwa na njia za gari alizozitengeneza yeye, na hakuna hata moja iliyowahi kufanya tope. Akimaliza kazi alikuwa anamwambia mwenye nyumba apitishe gari, kisha anamwonyesha chini kwa kidole. "Unaona alama? Huoni. Njia nzuri, gari likipita hujui kama limepita." Alilisema hilo kila mahali, mpaka watoto wa mtaani wakawa wanamwigiza.

Kwake sasa! Ukitoka barabarani kwenda nyumbani kwake ulikuwa unateremka kwenye udongo wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha kidogo tu ulimeza viatu. Mkewe alilalamika tangu binti yao yuko shule ya msingi. "Fundi," alikuwa anamwita hivyo kwa utani, "na mimi nitakuwa mteja wako lini?" Jibu lilikuwa lilelile: kiangazi kijacho. Kiangazi kikaja, kikaondoka. Mara kuna kazi kwa daktari, mara kuna kazi kwa mwenye ghala, na mke akaendelea kuruka madimbwi, viatu mkononi, kwenda kwa rafiki yake mshonaji ng'ambo ya barabara. Huko walikaa barazani wakishona vifungo na kuwasema watu. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake, hakuwa na nyingine.

Kisha mchana mmoja wa mvua mkewe akaanguka jikoni. Mdomo ulikwenda upande, mkono na mguu wa kulia havina habari. Teksi iliitwa na ikaja upesi, maskini, ikazama kwenye tope kabla hata ya kufika nusu ya njia, magurudumu yakizunguka na kurusha matope mpaka kwenye vioo. Ikabidi wang'oe mlango wa chumbani wamlaze juu yake, Fundi mbele, jirani muuza mkaa nyuma. Waliteleza, wakaanguka, na mke naye akaanguka nao. Watu walijipanga barabarani kutazama. Hospitalini daktari alisema kwa upole kwamba angefika mapema kidogo, mambo yangekuwa mengine. Kwa upole! Heri angemtukana.

Binti yao alikuwa mwalimu, anaishi mji mwingine na mumewe. Alipomwona mama yake kitandani alitoka mpaka kwenye korido akamfuata baba yake alipokuwa ameketi, tope limemkaukia magotini.

"Baba, mama harudi kule. Akiruhusiwa anakuja kwangu. Kwangu gari linafika mlangoni."

"Na kwangu litafika."

"Jamani, Baba! Hicho kiangazi chako nimekisikia tangu nina meno ya utoto."

"Nipe mpaka siku atakayoruhusiwa," alisema Fundi, na sauti ilikuwa ya kuomba, yeye ambaye hakuwahi kumwomba mtoto kitu. "Gari likikwama hata kidogo, mchukue. Sitafungua mdomo."

"Ataamua mwenyewe mama," binti alisema. "Lakini tengeneza."

Basi alitengeneza. Wateja wote aliwaambia wasubiri au watafute mwingine. Alichimba udongo wa mfinyanzi wote akautupa, mpaka sururu ikagonga ardhi ngumu. Akachimba mitaro pande zote mbili, akaweka bomba pale njia inapoungana na barabara ili maji ya juu yapite chini kwa chini. "Maji hayana adabu," alikuwa anapenda kusema, "usipoyaonyesha pa kwenda yataingia hata chumbani." Akatandika kitambaa kigumu cha kuzuia tope lisipande, juu yake mawe makubwa, juu yake ya kati, kila tabaka akilishindilia kwa mashine ya kukodi mpaka meno yakamcheza. Katikati akaipandisha njia kidogo kuliko kandoni. Halafu akawa anamwaga ndoo ya maji na kusimama, mikono kiunoni, anayatazama yanavyogawana na kukimbilia mtaroni. Alifanya hivyo kila jioni. Majirani wakadhani amechanganyikiwa.

Ilibaki tabaka la juu. Muuza mkaa, ambaye alimsaidia kusukuma toroli, alimwambia amalizie na vumbi la mawe, alishindilie, pawe pagumu kama sakafu.

"Hapana. Hapa nataka kokoto nyeupe, zilizooshwa, ziachwe huru."

"Za nini? Za kuteleza?"

"Anazipenda."

Na kweli alizipenda. Zamani, Fundi akiwa kazini kwa daktari, mkewe alimpelekea chakula, akapita juu ya kokoto mpya. Akasimama, akarudi nyuma, akapita tena, anacheka. "Sikiliza zinavyolia! Kama mtu anatafuna karanga." Fundi alikuwa amesahau siku nyingi za ndoa yao, ila hiyo hakuisahau. Aliagiza kokoto zilezile, akazitandaza nene kuanzia getini mpaka barazani, akazizungusha mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa jikoni na chooni, mkewe asije akakanyaga tope hata siku moja.

Jioni alikuwa anakwenda hospitali kumsimulia. Bomba limekaa hivi, mtaro una kina hiki. Mwanzoni mama hakuweza kusema. Alisikiliza tu, jicho moja likitoa machozi lenyewe. Baadaye maneno yakaanza kurudi, moja moja, mazito. Na siku moja Fundi alimkuta kwenye korido, ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Mkono wa kushoto ulisukuma gurudumu, mguu wa kushoto ulivuta sakafu, na alikuwa ametoka wodini mpaka mwisho wa korido bila kusaidiwa na mtu. Jasho lilimtiririka. Uso, hata ule upande uliolegea, ulikuwa na furaha.

"Umeniona?" aliuliza.

Fundi aligeuza macho. "Hicho ni cha hospitali. Utakiacha hapahapa. Wewe utatembea." Akaanza habari za lori lililoleta mawe.

Hapo ndipo mwanamume huyu alipokosea, na mimi sitamtetea. Muuguzi alimweleza wazi kwamba mguu ule hautarudi na kwamba kiti kinakwenda nyumbani. Alijibu "sawa, sawa," kama mtu anayeitikia salamu barabarani, akarudi kwenye mawe yake. Mawe aliyajua. Hayo mengine yalimtisha.

Siku aliyoruhusiwa mama, mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Fundi alisimama getini amevaa koti lililopigwa pasi. Gari la binti lilikata kona, likapita juu ya bomba, likateremka taratibu pale ambapo teksi ilizama. Halikuyumba. Halikuteleza. Maji yalikuwa yanakimbia mitaroni kama yalivyofundishwa, na kokoto zikalia chini ya matairi mpaka gari likasimama mbele ya baraza.

"Haya, Baba," binti alisema akishuka, na alikuwa anatabasamu kweli. "Leo nimekuvulia kofia."

Fundi alifungua mlango wa gari. Mama alikuwa anazitazama kokoto. "Ni zile," alisema polepole.

"Ni zilezile."

Alimgusa mkono mumewe kwa ule mkono wake mzima. Nadhani kama dunia ingeishia hapo, Fundi angekufa mtu mwenye raha.

Lakini binti alikuwa anakitoa kiti nyuma ya gari. Alikikunjua, mama akajihamisha mwenyewe kama alivyofundishwa, akashika gurudumu, akasukuma. Kiti kikasogea kidogo, magurudumu madogo ya mbele yakajichimbia, kikasimama. Akasukuma tena. Mguu ulitafuta pa kushika, kokoto zikakimbia chini ya kisigino. Kila alipotumia nguvu zaidi kiti kilizama zaidi.

Fundi aliruka nyuma yake akasukuma. Kikazama mpaka karibu na ekseli. "Si kitu, si kitu," alisema, "ni hapa tu, nitakubeba."

"Sibebwi."

"Mke wangu, ni hatua chache..."

"Nilibebwa juu ya mlango." Kila neno alilitafuta. "Watu wakanitazama. Sibebwi tena."

Fundi alikimbia nyuma ya nyumba akaleta mbao, akazilaza chini. Juu ya mbao kiti kilipita mpaka barazani, kikaingia ndani. Mama alikizungusha sebuleni. Akaingia jikoni, akatoka. Akagusa mlango wa chumbani uliorudishwa mahali pake. Kisha akarudi barazani, akatazama getini. Ng'ambo ya barabara mshonaji alikuwa amesimama, anampungia kitambaa kwa furaha, anamwita.

"Nitafikaje kule?" mama aliuliza.

"Nitakupeleka. Nitakuwekea mbao."

"Na ukiwa kazini?"

Fundi aliinama akanyoosha ubao uliokaa vibaya.

"Chooni je? Mvua ikinyesha, wewe hupo, mimi nataka kwenda?" Alisubiri, si kwa hasira. Afadhali angekasirika. "Ya kuingia umenitengenezea, Fundi. Ya kutoka je?"

"Nitazizoa zote!" Fundi alidakia. "Nitaweka vumbi la mawe, nitashindilia, patakuwa pagumu kama sakafu ya hospitali. Najua namna ya kufanya. Nipe siku kidogo tu, wallahi."

"Najua unajua," mama alisema. "Nilikuonyesha kiti. Hukukitazama."

Binti alikuwa amegeukia ukuta, analia kimyakimya. Hakusema neno juu ya ahadi ya baba yake, maana gari halikukwama, na wote watatu walilijua hilo. Mama ndiye aliyesema. Atakwenda kwa binti. Fundi akimaliza, aite, naye atakuja kwanza kuangalia mwenyewe, mpaka getini na kurudi, bila mbao na bila mtu. Akiweza, atabaki. Asipoweza, wasidanganyane.

"Na mimi je?" Fundi aliuliza, na lilikuwa swali la mtoto.

"Wewe una miguu," mama alimjibu. "Njoo unione."

Walimrudisha kwenye gari kwa mbao zilezile. Aliketi, akafunga mkanda kwa mkono mmoja, akakataa kusaidiwa. Kokoto zikalia tena, gari likapanda, likapita juu ya bomba, likaingia barabarani na kupotea. Mshonaji alishusha kitambaa chake. "Mbona kaondoka?" aliuliza kwa sauti kutoka kule. "Si ndiyo kwanza kafika?"

Fundi alitazama chini. Kuanzia getini mpaka barazani hapakuwa na alama hata moja ya gari, kama alivyowaambia wateja wake miaka yote. Ungeapa hakuna aliyekuja. Mbele ya baraza tu palikuwa na vijifereji viwili vifupi, pale kiti kilipojichimbia, na katikati yake shimo dogo la kisigino kilichokuwa kinatafuta pa kukanyaga.

Alichukua reki iliyoegemezwa ukutani, kwa mazoea tu, maana hakuwahi kuacha kazi yake na mikwaruzo. Akainyoosha juu ya vijifereji vile. Hakuweza kuvifuta. Akairudisha ukutani, akachukua sepetu na toroli, akapanda nazo mpaka getini, bado amevaa koti lake la pasi. Akaanza kuzoa kutokea huko, ili zile alama azifikie mwisho.