Mtungi Uliozindua Mashine

Siku ya tisa ya homa ya Nélida, mzee Eleuterio Huamaní alikuwa amekwisha kuzijua ahadi za wakubwa wa hospitali ya Pucarumi kwa harufu. Alikuwa fundi bati, darasa la tatu hakulimaliza, lakini hakuna haja ya shule kujua kwamba mtu anayekuambia "kesho" huku anatazama saa anakudanganya. Mkewe Paulina alifia humo humo miaka miwili nyuma, akingoja mashine ya picha itengenezwe. Sasa binti yake wa pekee alikuwa amelazwa kwa saratani ya damu, dawa zimemmalizia chembe nyeupe zote za damu, na homa inazicheka dawa za bakteria moja baada ya nyingine.

Dokta Maritza, msichana mwembamba asiyepata nafasi ya kula mchana, alimweleza bila kumzungusha. Huenda ni kuvu. Kila mtu huivuta hewani na haimfanyi kitu, ila kwa asiye na askari katika damu huota mapafuni kama inavyoota kwenye mkate. Eksirei haikuonyesha kitu. Kipimo cha damu kilipelekwa Lima, majibu ni baada ya siku kumi, na Nélida hakuwa na siku kumi. Dawa ya kuvu ilikuwepo stoo, lakini kamati haiitoi bila picha ya CT.

"Na ile mpya pale?" akauliza Eleuterio.

Ile mashine mpya ya CT ilikuwa na miezi miwili ndani ya chumba chake, imejaribiwa, inafanya kazi, mlangoni imefungwa utepe mwekundu. Ilimsubiri gavana aje kuizindua. Mara ya kwanza ilimzuia mvua, ya pili mkutano wa chama, ya tatu jino. Mkurugenzi alikuwa amebandika waraka wenye mihuri miwili: MASHINE HII ISITUMIKE KABLA YA KUZINDULIWA.

Eleuterio aliusoma kwa kidole, polepole, mara mbili.

"Haukusema izinduliwe na nani," akasema.

Dokta Maritza akajibu kwamba hakusikia kitu. Kisha, kama mtu anayejisemea, akataja kuwa Jumapili saa nne yeye na mpiga picha wa mashine watakuwa zamu, na mkurugenzi huwa kwa wakwe zake, anakula simbilisi wa kukaanga.

Pucarumi hata choo cha stendi hakifunguliwi bila baba na mama wa ubatizo. Wawili hao hupasua kwa nyundo ndogo mtungi wa pombe ya mahindi uliovishwa utepe, watu wakapiga makofi, na kitu kikahesabiwa kimezaliwa. Baba alikuwa amekwisha kupatikana, Eleuterio mwenyewe. Mama akawa doña Herminia, muuza maji moto ya majani pale getini, aliyekubali kwa sharti moja tu, avae sketi yake ya kijani ya kanivali.

Jumapili wakamkuta mlinzi Wilber kaegemea mlango.

"Mzee, nina amri."

"Nami nimekuja kuitii. Soma mwenyewe."

Wilber akasoma, akajikuna, akasema akifukuzwa kazi nani atamlisha.

"Wilber," akasema Herminia, "mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Ulitangulia kutoa matako. Mpaka leo hujabadilika. Sogea."

Akasogea. Ndipo Dokta Maritza akatokea, anamsukuma Nélida kwenye kiti cha magurudumu, barakoa hadi machoni. Akauona mtungi.

"Pombe hiyo imechachuka kwa hamira. Hamira nayo ni kuvu, mzee. Unamletea mgonjwa wa kuvu mtungi wa kuvu?"

Basi sherehe ikahamishiwa uani, utepe mwekundu wa mashine ukavutwa kupitia dirishani hadi kwenye mtungi. Herminia alihutubia kwa ufupi kuliko gavana yeyote. Eleuterio akamkumbuka Paulina, na mtungi ukapasuka kwa pigo moja. Kisha dirisha likafungwa. Wilber akaandika hati ya uzinduzi nyuma ya karatasi ya zamu, akatia sahihi.

Picha ilionyesha donge kwenye pafu la kulia, limezungukwa na ukungu kama mwezi wa masika. Kamati ilitumiwa kwa simu. Alasiri dawa ilikuwa inadondoka kwenye mpira wa Nélida, na siku ya nne homa ikashuka. Akaomba supu ya viazi, akaitukana kwa kukosa chumvi.

Mkurugenzi alinunua utepe mwingine, akanyamaza. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba mashine imetumika kabla ya gavana.

Wiki ya tatu gavana akaja, na jino lake. Alitakiwa mgonjwa wa maonyesho anayeweza kutembea na kutabasamu, na Dokta Maritza akamtoa Nélida, ambaye wakati wa picha yake ya pili ulikuwa umewadia. Chupa ikapasuliwa. Mkurugenzi akatangaza mbele ya kamera kwamba huyu ndiye mgonjwa wa kwanza kabisa wa mashine hii.

Mpiga picha wa mashine hakuwa ameonywa na mtu.

"Naiweka kando ya picha yake ya kwanza," akasema kwa sauti, "tulinganishe."

Gavana akamgeukia mkurugenzi taratibu, kama mlango wenye kutu. Mkurugenzi akaanza kusema kitu kuhusu majaribio, jasho likimtoka. Eleuterio alisimama mlangoni na kofia mkononi. Kwa miaka miwili alikuwa ameyapanga matusi ya kumwambia mtu huyo siku kama hiyo, mstari kwa mstari.

"Donge limepungua nusu," akasema Dokta Maritza bila kugeuka. "Njoo utazame, mzee."

Akapita katikati ya wakubwa bila kuwaomba njia, akaenda kutazama. Matusi yalimtoka kichwani yote. Nyuma yake alimsikia Herminia, aliyevaa tena sketi yake ya kijani, akimwambia gavana kwa upole kwamba amechelewa kidogo, mtoto alikwisha kubatizwa.