Mweri Anaita Wagonjwa

Mke wangu Mweri alikuwa amekufa mwaka na ushei nilipomsikia akimwita Mbeyu aende kumwona daktari.

Sitii chumvi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati mpya, huku kwetu Likoni, siku yenyewe ya kufunguliwa, nimevaa shati la kanisani na roho imejaa nyongo. Zahanati ilijengwa na mheshimiwa. Namwita mheshimiwa kwa kuwa kila mtu humwita hivyo, ingawa kiti chenyewe bado anakitafuta. Pesa kazitoa wapi, mimi niliyeishia darasa la tatu siulizi. Ninachojua ni kwamba siku Mweri alipobanwa na kifua, tulikuta zahanati ya zamani imefungwa kofuli. Daktari hayupo. Gari la wagonjwa halipo, limekwenda kubeba viti vya mkutano. Mkutano wa nani? Wa huyuhuyu mheshimiwa. Mweri alikata roho ndani ya tuktuk, kichwa chake pajani mwangu, tunalitazama kofuli.

Sasa kajenga nyingine, tumshangilie.

Nisingekwenda. Lakini Mbeyu, shoga yake Mweri, muuza nazi, alikuja kunitoa nyumbani. "Shemeji, presha haishuki kwa kununa. Twende ukapimwe, dawa ya bure haina chama." Nikaenda. Na sitaficha, nilitaka pia kuziona kuta.

Kuta zilikuwa kazi ya mwanangu, Mapenzi.

Miaka yote nilipoulizwa na wenzangu wa godauni la Changamwe, "Lewa, mwanao anafanya kazi gani?" nilikosa la kusema. Kioko, Mkamba niliyebeba naye magunia, mwanawe ni dereva wa lori. Kazi ina jina, inasemeka. Wangu mimi anachora. Anapanga herufi za mabango. Anapiga kinanda na kutunga nyimbo. Halafu anaandika zile amri za kuifanya kompyuta imtii. "Ni kazi moja, baba," huniambia. "Mikono tu ndiyo mingi." Nami humjibu kuwa mshika mawili moja humponyoka, na yeye kashika manne.

Aliponiambia kazi ya zahanati kapewa yeye, ya kuta na mashine na kila kitu, niliacha kusema naye. Ndiyo maana siku ile sikujua kilichokuwa humo ndani.

Kuta zilipendeza, mwenye haki hanyimwi haki yake. Kwa sisi ambao kusoma ni kwa tabu, kila mlango ulikuwa na picha. Kwa daktari, mkorosho uliojaa mabibo. Kwenye dawa, pweza, kila mkono ameshika chupa. Kwa watoto, kuku na vifaranga vyake, kimoja kimejifunga kitambaa kichwani kama kina homa. Watu walikuwa wakicheka na kuoneshana. Karani alinichukua jina akaliandika kwenye mashine, akasema, "Kaa hapo mzee, utaitwa."

Juu ukutani palikuwa na runinga. Ikapiga kinanda kidogo, sauti mbili tatu za kushuka. Nikajikuta nanusa nazi, sijui kwa nini. Kisha runinga ikasema:

"Mbeyu Chirima. Mlango wa mkorosho. Polepole mwanangu, hakuna anayekufukuza."

Kucha za Mbeyu zilinizama mkononi.

Ilikuwa sauti ya Mweri. Sisemi ilifanana. Ilikuwa yenyewe, na ule mkwaruzo wake kidogo mwishoni, na ile "polepole mwanangu" aliyomwambia kila mtu, hata kondakta. Na kile kinanda nikakijua sasa. Ndivyo alivyokuwa akiguna wimbo puani alipokaa juu ya mbuzi kukuna nazi.

Hakuna aliyesimama. Kwetu Kinango, tulikotoka wengi, tumefunzwa tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mara ya kwanza. Mfu huita mara moja. Aliye hai ataita tena. Tukangoja aite tena, benchi zima.

Haikuita tena. Ilipiga kinanda ikaenda kwa mwingine.

"Gershom Kazungu. Mlango wa pweza."

Gershom ni mzee wa kanisa letu, ndiye aliyesoma sala kaburini kwa Mweri. Alifumba macho akaanza Baba Yetu kwa sauti ya chini. Mama mmoja akachukua mtoto wake akatoka mbio, kiatu kimoja akakiacha.

Kinanda tena.

"Lewa Tinga. Mlango wa mkorosho."

Mweri hakuwahi kunitaja jina. Tangu nimuoe mpaka ananifia, nilikuwa Baba Mapenzi. Na kabla Mapenzi hajazaliwa, nilikuwa "wee bwana". Mke kumtaja mumewe jina, kwetu si adabu, na yeye adabu zake zilikuwa kamili. Sasa ananiita mbele za watu, jina langu na la babangu, kama askari anayesoma majina ya washtakiwa.

Mapenzi akatoka chumba cha nyuma, shanga shingoni, anatabasamu. "Jamani, mbona hamwendi? Daktari anangoja."

"Twende wapi?" Mbeyu akamuuliza. "Ahera?"

Nilimvuta mwanangu hadi nje, nyuma ya tangi la maji. Aliniamkia, sikuitika.

"Ile ni nini?"

"Ni mama." Akaona uso wangu, akasema haraka haraka. "Si yeye, baba. Ni sauti yake. Zile sauti alizokuwa akinitumia kwa simu nilizihifadhi zote. Nikaifunza kompyuta. Sasa ukiiandikia jina lolote, inalisema kama angelisema yeye."

"Umemfufua mamako," nikamwambia, "ukamwajiri kwa aliyemuua."

Machozi yakamlenga, lakini hakuangalia chini. "Mama alifia mlangoni, baba. Nilitaka yeye ndiye awafungulie wenziwe mlango. Huyo mheshimiwa atapita. Hajui hata ni sauti ya nani."

Nikarudi nyumbani na presha yangu.

Dunia ina mambo, watu wakaizoea. Mapenzi alielezwa juu ya ile desturi, akajishika kichwa, kwani kakulia mjini na hakuiwaza. Akairekebisha mashine iite mara mbili. Basi wakaanza kuitika. Nilisikia kuwa Mbeyu akiitwa hujibu kwa nguvu, "Abee, shoga!" na foleni yote hucheka. Nilisikia kuna wanawake wa kanisani wanaokwenda bila ugonjwa, wanakaa tu wanasikiliza. Mimi sikwenda. Mfu anayeita mara mbili hayumo katika niliyofunzwa.

Mpaka siku ile ya sokoni.

Nilikuwa mbele ya meza ya Mbeyu nachagua nazi, natikisa nasikiliza maji. Likaja gari la kampeni, spika juu, picha ya mheshimiwa ubavuni, meno yote nje. Kikapigwa kile kinanda. Nikaona soko lote linageuza shingo, kama kuku waliosikia mtama. Washazoea, kinanda kikilia mtu anaitwa.

"Mimi ni mama yenu," akasema Mweri. "Nilikuwa mgonjwa, mheshimiwa akaniponya. Mpeni kura. Mpeni kiti. Polepole wanangu, hakuna anayewafukuza."

Nazi ilinitoka mkononi ikapasuka. Akaniponya! Mwanamke niliyemfumba macho kwa vidole vyangu hivi, anasema mbele ya soko kuwa kaponywa, na anayesifiwa ni yule aliyepakia viti kwenye gari lililopaswa kumwokoa.

Mbeyu aliruka meza. Akasimama katikati ya barabara mbele ya gari, panga la kupasulia nazi mkononi, uso kaelekeza kwenye spika.

"Kakuponya nani, shoga? Wewe si tumekuzika!"

"Mama, ondoka njiani," dereva akasema.

"Siondoki! Nasema na mwenzangu!"

Aliyekaa kando ya dereva akashuka. Nilimjua, ni Rashad, msimamizi wa zahanati, mtu mwenye adabu, kanzu safi. Akainua mikono. "Shikamoo mama. Wallahi usiogope, ni mashine tu. Hamna mtu humo."

"Kama hamna mtu, mbona mmemchukua yeye? Si mngeweka sauti ya mamako?"

Rashad akashangaa, kama kaulizwa kitu cha wazi mno.

"Mamangu yu hai," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonitia baridi. Alisema kweli tupu, kama mtu anayekuambia mbona umchinje kuku wako ilhali wa bure yupo. Hata yeye nadhani alijisikia, maana alirudi garini bila kuaga, na gari likarudi kinyumenyume hadi njia kuu, spika imezimwa.

Niliziacha nazi nikavuka kwa feri. Mapenzi amepanga chumba Ziwa la Ng'ombe, sijawahi kwenda hata siku moja. Nilimkuta sakafuni, miguu imekunjwa, anachora ndege kwenye karatasi, kinanda kando, kompyuta mbili zinamwangalia. Nilipomweleza, kalamu ilibaki hewani.

"Nani aliwaandikia maneno hayo?"

"Wewe ndiye fundi. Niambie wewe."

Alifungua kompyuta, akatafuta. Maneno yalikuwa pale. Yaliandikwa kwenye kisanduku kile anachoandikia karani jina la mgonjwa. Badala ya jina, wakaweka kampeni nzima, wakairekodi, wakaipandisha gari.

"Nilikiacha wazi, baba," akasema taratibu. "Nilidhani wataandika majina tu. Nani angeandika kingine?"

"Fundi gani anayeacha mlango wazi na mamake yumo ndani?"

Nilijua linauma. Nilitaka liume. Akanywea, kisha akasema kama anayejitetea mbele ya hakimu: "Naweza kukifunga leo. Kisipokee ila majina. Waliyorekodi wanayo, lakini jipya hawatapata. Ile sauti haiko zahanati, iko hapa kwangu. Mashine yao huomba, hii ndiyo hujibu."

"Leo utafunga, kesho watatafuta ufunguo. Hawa nawajua. Wanakula hata jeneza."

"Basi nifute?" Akaniangalia kwa macho ya mamake. "Zile sauti za simu zitabaki, baba. Lakini nikifuta hii, hatasema neno jipya tena. Maana usiku mwingine mimi huandika tu, Mapenzi umekula? Naye huniuliza."

Sikujua. Mwanangu anakaa peke yake ng'ambo hii ya maji, anajiulizisha kama amekula. Na mimi nilikuwa nimenuna.

Akasimama, akachukua buli. "Naenda kutafuta maziwa. Kisanduku hicho hapo. Kama una neno unataka alitamke, liandike. Ukimaliza nitafuta, ukisema nifute."

Akafunga mlango.

Nilikaa mbele ya kile kitu. Mimi na herufi hatuna urafiki. Nilizitafuta kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Nilikuwa na swali moja tangu ile tuktuk. Waliohusika ni wengi: aliyefunga kofuli, aliyetoa amri ya viti, daktari, dereva, mkubwa juu ya mkubwa. Nilitaka yeye, aliyekuwa upande wa pili wa mambo, anitajie mmoja nimshike. Nikaandika: nani alikuacha ukafa. Nikabonyeza.

Kinanda kikalia.

"Nani alikuacha ukafa?"

Mweri ndiye aliyeniuliza. Nilikuwa nimeelezwa, nimeona kwa macho, mashine husoma ulichoandika. Na bado kichwa changu kilikuwa kikingoja jibu. Aliniuliza bila hasira, kwa sauti ileile ya kuniuliza kama chumvi imetosha. Kisha, kwa kuwa mwanawe kaifunza hivyo, akauliza mara ya pili.

"Nani alikuacha ukafa?"

Nilisimama, kiti kikaanguka. Nilijiona mimi ndiye maiti, yeye ndiye aliyebaki anatafuta habari zangu. Nikaanza kuwataja. Nilisimama katikati ya chumba nikamtajia mke wangu majina ya wakubwa wote ninaowajua, mmoja mmoja, kwa kupiga kelele, na jirani akagonga ukuta. Mweri hakusema ndiyo, hakusema la.

Mapenzi aliingia mbio, maziwa yanamwagika. "Baba! Umeandika nini?"

Akasoma mwenyewe kwenye kioo. Akaweka mkono mdomoni.

"Futa," nikamwambia.

"Baba, una hakika?"

"Hana anachokijua zaidi yetu. Futa, mwanangu. Mwache mamako alale."

Hakuna kilicholia wala kuwaka. Alibonyeza, mashine ikamuuliza kitu, akabonyeza tena, basi. Akabaki na kidole palepale. Nilikiinua kiti, nikakaa karibu naye, tukanywa chai ya maziwa kidogo yaliyosalia.

Hatujamaliza, simu yake ikalia. Alipoona jina akanipa mimi.

"Mapenzi?" Ni Rashad, na nyuma yake nasikia watoto wanalia na watu wanagombana. "Mashine imenyamaza! Wagonjwa wamejaa hapa mpaka nje, hakuna anayejua zamu yake."

"Huyu ni babake," nikasema. "Haitasema tena. Waiteni kwa vinywa vyenu."

"Mzee wangu, tafadhali, tutawaitaje? Sisi hatuwajui majina, mashine ndiyo iliyowajua."

"Basi waulizeni," nikamwambia, nikakata simu.