Wigi la Mshauri Mkuu

Phelister Akeyo alikuwa mshauri mkuu wa sera na utendaji katika shirika moja la Kampala linaloshughulikia watoto waliokinzana na sheria. Alikuwa ametoka Kisumu miaka tisa kabla, na miwili kati ya hiyo aliimaliza akiandika mwongozo wa kurasa themanini na nne. Kiini chake kilikuwa chepesi: mtoto akikosa, asikimbizwe kortini. Aketishwe pamoja na mtu aliyemkosea, aulizwe maswali manne, kisha wakubaliane namna ya kurekebisha.

Mwongozo ulipangwa kujaribiwa Alhamisi, katika kituo kidogo cha polisi karibu na Nakivubo. Jumatano jioni mvua ikamnyeshea Phelister akiwa na kichwa kilichosukwa nusu. Hakuwa na muda wa msusi. Barabarani akakutana na msichana mwenye kofia aliyekuwa akiuza wigi ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, akalinunua bila kuuliza mengi. Asubuhi umeme ulikuwa umekatika, akalivaa gizani akaondoka.

Kituoni alipokelewa na Sajini Tarcisio, mzee mnene mwenye heshima nyingi.

"Kalibu, madamu. Polisi wangu sita wako tayali. Kila mutu nimemupa karamu."

Phelister, ambaye hakuwa amekunywa hata chai, alitazama huku na huku akitafuta sahani. Askari sita wakainua kalamu zao juu.

Mlalamikaji alikuwa Mbambu, mama wa Kikongo kutoka Butembo, anayeuza nywele za bandia katika soko la Owino. Mshtakiwa alikuwa Concy, mwenye miaka kumi na mitano, binti wa konstebo, aliyekulia katika kambi ya polisi na anayezungumza Kiswahili kama risasi. Alidaiwa kuchukua wigi moja mezani kwa Mbambu mchana wa Jumatano.

Concy aliingia, akamtazama Phelister kichwani, akafungua mdomo. Akaufunga.

"Usiogope, mwanangu," Phelister alimwambia kwa sauti ya ukurasa wa kumi na mbili. "Hapa hakuna adhabu. Swali la kwanza: nini kilitokea?"

"Nilichukua wigi ya huyu mama."

"Vizuri sana. Na sasa wigi liko wapi?"

Concy alitazama dari. "Madamu, hiyo swali tuiruke."

"Hatuwezi kuiruka. Ukweli ndio mwanzo wa kupona."

"Madamu, nakuomba. Wewe ni kasitoma wangu. Siwezi kuaibisha kasitoma."

Mbambu alikuwa tayari amesimama. Alimzunguka Phelister polepole, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, akaingiza kidole chini ya wigi na kuvuta ukingo wake. Ndani kulikuwa na uzi mwekundu.

"Iyi uzi nilishona mimi mwenyewe," alisema. "Mama, perike yangu iko kwako ku kichwa!"

Phelister alilivua wigi. Chini yake upande wa kulia ulikuwa na matuta mazuri, upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama kila moja na msimamo wake. Askari mmoja aliandika haraka, na Phelister akaona daftarini: *Hatua ya tatu: mshauri avue wigi.*

"Usiandike hiyo," alinong'ona.

Sajini Tarcisio alikohoa. Akaufungua mwongozo, akalowesha kidole kwa mate, akatafuta ukurasa.

"Madamu, hapa umeandika kila aliyehusika akae kwenye duala. Na wewe umehusika." Akavuta kiti akakiweka kando ya Concy. "Keti, tafazali."

Phelister aliketi. Masikio yalimwaka moto. Maswali yale manne alikuwa amewauliza watoto wengi, na hakuwahi kujua kwamba kiti chenyewe kilikuwa kigumu hivyo.

"Swali la pili," Sajini alisoma. "Wakati ule ulikuwa unafikili nini?"

Phelister alitafuta jibu la kitaalamu, akalikosa. "Nilifikiri limenipendeza," alisema.

Mbambu alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. "Limekupendeza, mama, sikatai. Lakini uliivala mbele-nyuma!"

Concy aliangua kicheko, Sajini akafuata, na askari sita wakaangusha kalamu. Phelister alikumbuka jinsi bawabu wa ofisi alivyompigia saluti asubuhi huku akiuma midomo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ndipo Concy akageuka kwa Mbambu, bila kuulizwa, akasema, "Nisamehe, mama. Nilidhani una mengi, hutajua."

"Ninajua kila moja," Mbambu alijibu. "Wote wawili mukuje Jumamosi, munitumikie."

Yakaandikwa kuwa mkataba, wakatia sahihi.

Jumamosi Concy alisimama juu ya kreti na kuita wateja kwa Kiswahili, Kiluganda na Kiacholi, akawakamata kwa majina aliyowabunia mwenyewe: dada malaika, shangazi wa mjini. Mawigi tisa yaliondoka kabla ya adhuhuri. Phelister alimweleza mteja mmoja, kwa robo saa nzima, faida za kushauriana na wadau kabla ya kununua. Mteja alishauriana na wadau wa kibanda cha pili.

Jua lilipogeuka Mbambu alimpa Concy soda. "Rudi Jumamosi ijayo. Nitakulipa."

Phelister alipangusa jasho, akanyoosha mgongo. "Na mimi nije saa ngapi?"

Mbambu alimshika mkono kwa upole mkubwa.

"Wewe, mama, bakia tu ku ofisi."

Phelister alitaka kusema kwamba mkataba haukuweka ubaguzi kama huo, lakini Mbambu alikuwa keshageukia mteja mwingine.